Tiki Iliyokosekana kwenye Repo ya Mizani

Asubuhi ile Nafuna alipoona barua juu ya printa, alidhani ni ya mteja. Aliposoma jina, aliirudia barua tangu mwanzo. Dorine, mhandisi wao wa Thika, alikuwa anafutwa kazi, na angeitwa saa nne.

Nafuna, mama wa miaka arobaini na tisa kutoka Bungoma, alikuwa na mwaka wa tisa katika ofisi hiyo ya Ruiru iliyotengeneza programu za viwanda. Hakuwa mhandisi; aliishia kidato cha nne. Kazi yake ilikuwa kumbukumbu: nani amefanya nini, lini, yote katika kaunta buku, daftari nene alilolipiga mistari kwa rula. Hata siku ambazo hakuna kilichotokea, aliandika kwamba hakuna kilichotokea.

Alimkuta Kinuthia, mkuu wa wahandisi, akitazama dashibodi, ile skrini ya ukutani inayoonyesha kazi ya kila mtu.

"Bosi, Dorine amekosa nini?"

"Jionee, mama. Wenzake wote wanapanda. Yeye miezi mitatu, sufuri! Hata mimi nilidhani skrini imelala. Huko Thika anashinda akitazama maporomoko ya Chania, ama?"

Nafuna hakucheka. Kila jioni Dorine alimpigia simu kutoka kiwanda cha njugu za makadamia, Eneo la Viwanda la Thika, kumweleza alichorekebisha katika programu ya mizani, naye akaandika. Sufuri itoke wapi?

Akaketi, akafungua kichujio cha dashibodi. Hapo ndipo huchaguliwa repo, yale maghala ambamo wahandisi huweka kazi yao. Isiyo na tiki haihesabiwi. Kumi na mbili zilikuwa na tiki. Ya mizani haikuwa nayo.

"Haiya! Nani aliitoa?" Kinuthia aliuliza, ameinama juu ya bega lake.

Nafuna alikuwa na hakika atampata mtu huyo. Akarudisha kurasa za buku nyuma: Julai, Mei, Aprili. Machi 14. "Kinuthia ameagiza repo zisizotuhusu ziondolewe. Nimeondoa zote ambazo hazijaguswa kwa siku sitini. Jumla tisa." Ya saba ilikuwa mizani. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka kama kawaida, na sahihi yake chini.

Machi Dorine alikuwa nyumbani Witeithie na mtoto mchanga. Nani mwingine angeigusa repo hiyo? Likizo yenyewe ya uzazi Nafuna ndiye aliyeiandika, kurasa chache tu nyuma.

Akamgeuzia Kinuthia buku, kidole kikiwa juu ya sahihi.

"Wewe?" Kinuthia akamkodolea macho. "Wewe, mama? Ngai!"

"Mimi."

Akaweka tiki. Skrini ikafikiri kidogo, kisha mstari wa Dorine ukapanda, ukapanda, ukawapita wahandisi wote wa Ruiru. Kinuthia akajitupa kitini.

Mlango ukafunguka. Dorine aliingia na helmeti ya kiwandani kwapani.

"Sasa, Auntie! Mbona mmenyamaza kama watu wa matanga? Nimeambiwa saa nne, nimewahi."

Kinuthia aliinuka, akaichukua barua kwenye printa, akaikunja mara nne. "Dorine, ni mitambo tu ilikuwa na shida kidogo..."

"Si mitambo," Nafuna alisema. Alilisukuma buku mbele, ukurasa wa Machi ukiwa wazi. "Keti, Dorine. Soma hapa, halafu useme lolote unalotaka."