Carbon ya shemeji na chuma cha marehemu baba: Kisii hadi Ikonge, mtu wa vyuma akisubiri

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa tairi nyembamba na wa tairi nene.

Haya sikusimuliwa. Goti langu la kulia lina kovu la kuapia, na nusu ya watu wa upande wetu wa Ikonge walikuwa pale wakiona. Asiyeamini aje kituo cha chai, pale tunapopimia majani, aulize.

Niseme mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Juzi kuna mtu humu aliandika kwamba road bike ya chuma ni ya kuuzwa kwa kilo, na kama huna carbon ukae nyumbani uangalie wenzako kwa simu. Nilisoma hayo nikinyonyesha. Mtoto alishtuka hata yeye.

Kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa nyumbani kwangu, nikiwa na tonge mkononi.

Ngoja niwaeleze hiyo baiskeli kwanza.

Ilikuwa ya baba yangu, sisi tulimwita tata. Mwalimu mmoja wa kujitolea alimwachia akirudi kwao. Ni chuma kitupu, mabomba membamba kama miwa ya kwetu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na vijiti vya gia viko chini kwenye bomba, sio kwenye usukani. Ukitaka kubadilisha gia lazima uachilie mkono mmoja na umwamini Mungu.

Tata hakuwa na kijana. Mimi ndiye nilijifunza kwa hiyo baiskeli, nikipitisha mguu katikati ya frame kwa sababu juu sikufika. Alipofariki nilibaki nayo. Nilipoolewa, wengine wanakuja na masufuria, mimi nilikuja na baiskeli.

Nikizaa Moraa niliiweka stoo. Moraa akianza kutembea nikaitoa, nikaanza kuendesha asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai. Sketi juu, kaptula ndani. Nani aliona nini?

Lakini maneno yakafika kwa Mama, yaani mama mkwe. Ati kuna watu kanisani wameuliza kama mke wa pale siku hizi ni mwanariadha.

Halafu shemeji akaja likizo kutoka Nairobi. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuja na baiskeli ya carbon, nyeusi tii, haina hata alama ya kulehemu, gia zinabadilika kwa kugusa kama simu. Wakuu, sitadanganya, ni kitu kizuri. Niliigusa nikatamani.

Shida sio baiskeli. Shida ni mdomo wa mwenyewe.

"Mama Moraa, hii yako ni ya makumbusho," akaniambia mbele ya watu wote, tukila. "Mama, si umwite yule mtu wa vyuma chakavu aichukue? Stoo ipate nafasi ya mbolea."

Mama akasema, "Hata mimi nimefikiria hivyo."

Nikamwangalia mume wangu. Baba Moraa alikuwa anachunguza kucha zake kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Hilo nimeliweka, tutarudi kwake.

Nikamwambia shemeji, "Hiyo ya makumbusho inaweza kukuacha."

Walicheka mpaka ugali ukapoa.

Basi akaona ni mchezo. Akasema twende Kisii mjini, tuanzie pale, tupitie Nyamira na Kebirigo, tumalizie kituo chetu cha chai. Akinishinda, mtu wa vyuma atakuwa pale pale kituoni na anaibeba mbele yangu. Nikimshinda, yeye mwenyewe atamwambia Mama kwa mdomo wake kwamba baiskeli ni yangu na hakuna wa kuigusa tena, kisha aioshe.

Nilikubali. Usiku sikulala. Sio kwa kuogopa kushindwa, ni kwamba nilikuwa nimeweka kitu cha pekee cha tata mezani, kwa hasira tu.

Siku ikawa Jumapili. Kwetu wengi ni Wasabato, Jumamosi hakuna anayegusa chai, kwa hivyo Jumapili watu wanachuma na kituo kinajaa. Shemeji alitaka hivyo. Alitaka watazamaji.

Kabla ya kuondoka tulipitia kituoni tupime baiskeli. Karani akazitundika moja moja kwenye mizani ya majani. Yangu ikasoma kilo kumi na moja. Ya shemeji saba na nusu.

Karani akauliza, "Nitoe za gunia?"

Wenye kuuza chai mnajua uchungu ulioko kwa hilo swali, kila siku tunakatwa kilo ati ni uzito wa gunia. Hata mimi nilicheka.

Sasa hapa ndipo msome polepole.

Tulitafuta boda mbili zitupeleke Kisii na baiskeli. Mtu wa boda wa kwetu anajua kufunga kitu kimoja vizuri kuliko vyote duniani, nayo ni ndizi. Anachukua mipira iliyokatwa kwenye tyubu, anazungusha, anaweka goti, anavuta mpaka mkungu unalia. Ukiachia kidogo, ndizi inaanguka kwenye kona.

Yangu ilifungwa hivyo. Chuma kikavumilia, kimeshafungwa hivyo miaka.

Ya shemeji ikalazwa kwa keria, mpira ukapita juu ya lile bomba la juu. Mimi nilikuwa nimesoma hapa hapa jukwaani kwamba carbon haipendi kubanwa, ina nguvu upande inaotarajia mzigo, sio upande wa kuminywa. Nikamwambia, "Shem, hiyo usikaze hivyo. Weka hata kitambaa."

"Wewe chunga makumbusho yako," akajibu. Kisha, wakuu, akamsukuma yule wa boda kando, akaweka goti lake mwenyewe na kuvuta. Miaka kumi na kitu Nairobi, lakini mkono ulikumbuka ndizi.

Mimi nilisikia kitu kikilia. Yeye hakusikia, au alisikia akadhani ni mpira.

Tukaanzia Kisii, mahali soko la ndizi linapoishia.

Niwe mkweli, kwa sababu niliahidi ukweli. Kwenye mlima carbon ni kitu kingine. Mlima wa kwanza tu shemeji aliondoka kama ameitwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwa pedali, ulimi nje, nikihesabu hizo kilo tatu na nusu moja moja. Chuma hakikuonei huruma kwenye mlima, na atakayesema vinginevyo anauza kitu.

Kwenye tambarare nilimkaribia. Lami ya viraka ikianza, chuma kinakunja kidogo chini yako, kinameza. Yeye nilimwona anaruka ruka, mabega juu masikioni. Tulipofika Nyamira mjini tulikuwa pamoja.

"Bado uko?" akauliza.

"Niende wapi?"

Akaondoka tena.

Baada ya Kebirigo kulikuwa na mteremko, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha barabara na maji. Lori la chai lililotoka shambani hapo lilikuwa limemwaga matope kwenye kona. Shemeji ana breki za diski. Akagusa kidogo, akapita salama kama mtu anayevuka sebule.

Breki zangu ni zile za raba mbili zinazobana rimu. Kwenye maji hizo sio breki, ni maombi.

Niliingia kwenye chai ya watu mzima mzima. Goti likapasuka kwa jiwe. Nilipoinua kichwa nilimwona shemeji ameangalia nyuma. Aliniona. Aliona damu. Akacheka, akainua mkono kama wa kuaga, akaenda.

Hilo pia niliweka.

Kulikuwa na mama anachuma hapo, akaja na kikapu mgongoni. "Omwana, umeumia? Keti."

"Nikiketi baiskeli ya baba yangu inauzwa."

Hakuelewa, lakini akaishika usukani nikaangalia uharibifu. Kile kipande cha frame kinachoshika gia ya nyuma kilikuwa kimepinda kikaingia ndani, mnyororo unasugua kwenye spoki. Kwa carbon hapo ungeita ndugu wakuchukue.

Mimi niliomba jiwe. Nikaweka lingine chini, nikagonga taratibu, nikashika gia kwa mikono miwili na kuvuta nje, nikiangalia kwa jicho moja jinsi tata alivyonionyesha. Chuma kikarudi. Sio vizuri, gia mbili zilikataa kabisa, lakini zile za katikati zilikubali. Vile vijiti vya kizamani havina kujua kama gia imepinda au la, unasukuma mpaka ukisikia iko sawa, basi.

Yule mama akachana kitambaa cha kichwa akanifunga goti. Mbuya mono, asante sana, popote alipo.

Nikaenda. Wakuu, hapo sikuwa naendesha baiskeli, nilikuwa naendesha hasira. Mlima nikapanda kwa gia isiyofaa. Nilimwaza anavyocheka. Nilimwaza mtu wa vyuma. Nilimwaza mume wangu na kucha zake.

Kipande cha mwisho kwenda kituoni hakina lami, ni murram, mawe na mitaro ya maji. Nikiingia tu hapo nilisikia sauti mbele. Tik. Tik. Tik. Kila pedali, tik.

Nikapinda kona nikamwona. Alikuwa ameshuka, ameinama juu ya baiskeli kama mtu amepoteza ng'ombe. Lile bomba la juu, pale pale mpira ulipopita, lilikuwa limefunguka mstari mrefu. Ukikanyaga, linafungua mdomo.

Nilifunga breki. Mimi nilisimama, mkumbuke hilo.

"Shem, umeumia?"

"Hapana." Halafu akaangalia barabara, akaniangalia goti. "Mama Moraa, hii sasa tuseme ni sare. Sisi ni watu wa boma moja."

"Nilipokuwa kwa ile chai tulikuwa watu wa boma gani?"

Akainama tena juu ya ule mpasuko.

"Nilikuambia uweke kitambaa," nikamwambia, nikapanda.

Kituoni niliingia peke yangu, matope mpaka kwa nyusi, sketi imechanika, damu kwenye soksi. Kwanza wote waliangalia nyuma yangu, nafikiri walikuwa wanasubiri kile cheusi cha shemeji kitokee. Halafu wanawake walioketi na vikapu wakapiga vigelegele, na karani akapiga sahani ya mizani kwa kalamu.

Na kule nyuma, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, mtu akapaza, "Huyo ni mke wangu." Baba Moraa, mtoto mabegani. Jioni hiyo alipika mwenyewe bila kuambiwa. Sijamsamehe yote, lakini mboga zake za chinsaga zilikuwa tamu.

Shemeji alifika baadaye kwa miguu, amebeba carbon begani. Faida ya wepesi, mnaona.

Sasa mtu wa vyuma. Alikuwa amekuja kweli, na mkokoteni, na sumaku yake kwenye kamba. Akaangalia yangu. Nikamwambia hiyo haiuzwi. Akaangalia ya shemeji, iliyopasuka, akadhani ndiyo aliyoitiwa. Akashusha sumaku.

Sumaku ikateleza. Akajaribu kwa bomba la chini. Ikateleza tena.

Akamwangalia shemeji kwa huruma ya kweli. "Mkubwa, hii si chuma. Hii mimi sichukui."

Akasukuma mkokoteni wake akaenda.

Shemeji alitimiza ahadi, hilo nampa. Alisimama mbele ya Mama na wenye vikapu wote akasema baiskeli ni ya Mama Moraa na asiiguse mtu. Kisha akaomba ndoo na kitambaa. Aliiosha hapo hapo, hadi spoki, na mimi nikamwonyesha alipoacha.

Jioni nilikuta baiskeli haiko stoo. Mama ameiegemeza sebuleni kwake, juu ya gunia safi, akasema kule kwa mbolea kuna unyevu. Fundi wa kulehemu pale Ikonge alinyoosha gia vizuri kesho yake, kazi ya muda wa chai moja.

Funzo nililopata, na sitaki mtu alipindue. Sijasema chuma ni bora kuliko carbon. Mlimani carbon ilinila, na breki zake ningezichukua leo. Bila lile goti lake na mpira wa boda ningeshindwa, na leo ningekuwa kimya. Ninachosema ni kwamba nunua kitu ambacho mikono ya kwenu inakijua. Chuma kikianguka na wewe, mnanyooka pamoja. Na ukiwa na carbon, usiifunge kama ndizi.

Na wewe mkuu wa "uza kwa kilo", uje hapa chini na jina lako. Nakusubiri na sumaku.

Wengine wa carbon mnisahihishe, nimeshapasuka goti, ukweli nitausikia. Wa chuma, niambieni mnapata wapi raba za breki zinazoshika kwenye mvua, maana mteremko wa Kebirigo bado upo, na Jumapili ninashuka tena.