Mume Wangu Asiye na Meno

Mimi Yunisi wa Iguguno nimeongopa mengi, na watu wananijua. Nimeshasimulia kwamba upepo ulimbeba jogoo wangu mpaka Kintinku, akawika kule, mimi nikaamkia huku. Ndiyo maana siku niliposema ukweli mtupu, nikaletewa mzee wa kanisa.

Ilikuwa hivi. Binti yangu Dorkas anafundisha shule Dodoma. Dada wa kazi aliyekuwa akimlelea mtoto aliolewa, basi Dorkas akapanda basi na mwanawe, akanikabidhi, na kesho yake alfajiri akarudi kazini. Alisema nikae naye mpaka apate dada mwingine. Nilimwitikia vizuri sana, kisha nikaingia ndani nikamwomba Mungu awaoze wasichana wote wa Dodoma.

Mtoto anaitwa Elisha, jina la marehemu babu yake. Mjukuu wa kiume kwa bibi ni mume, hilo halina mjadala, na huyu kaja na jina kabisa. Tangu mwenzangu azikwe nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauna ladha hata ukiusonga vipi. Sasa nina mtu wa kunivua kilemba na kunicheka bila sababu. Kila nikimfunga mgongoni nasema asante, hata kama mgongo unasema mengine.

Basi akapita Redempta, jirani yangu anayekamua alizeti, akauliza mbona sionekani. Nikamjibu kwamba mume wangu amenishika. Nikamweleza kuwa kalala ndani, hana kazi, hana jino hata moja, nguo hataki kuvaa, lakini akiniangalia nasahau magoti yanayouma. Redempta hakujua kama Dorkas alikuja. Aliondoka haraka, hata kuaga hakuaga.

Jioni akarudi na Mzee Kefa wa kanisani kwetu. Mzee alinisalimu kwa shikamoo yenye baridi, akakaa ukingoni mwa kigoda.

"Mama Dorkas, tumesikia una mgeni."

"Si mgeni. Ni mume."

"Ndoa ilifungwa kanisa gani?"

"Haikufungwa. Dorkas ndiye aliyeniletea."

Redempta akaziba mdomo. Mzee Kefa akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Mtoto wako wa kumzaa amekuletea mwanamume?"

"Kwa basi, kamfunga na kitenge."

Hapo mume wangu akaamka, akalia. Nikamtoa kama alivyo, nikampakatisha Mzee Kefa. Elisha akamkamata ndevu kama anayemdai mahari. Wakacheka mpaka Redempta akakaa chini, na Mzee Kefa, ndevu zikiwa bado mkononi mwa mwenzake, akamshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba yangu. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Laiti wangeishia hapo. Mzee akauliza mtoto yuko kwangu hadi lini, nami nikamwambia mpaka apatikane dada wa kumlea. Akafurahi, kwa sababu mpwa wake Scholastika alikuwa anatafuta kazi ya namna hiyohiyo.

Moyo ukanishuka. Ningeweza kunyamaza, na nani angeniamini hata kama ningesema? Lakini Dorkas kila akipiga simu aliniomba niiweke karibu na mtoto, kisha hasemi kitu, anasikiliza tu anavyopumua. Mimi naijua nyumba isiyo na mtu wa kupumua humo. Nikamwambia Dorkas habari za Scholastika siku ileile.

Scholastika akaja, msichana mwenye adabu na mikono misafi. Elisha akamkataa. Alibembelezwa, akapewa uji, akalia tu, mpaka nilipoanza huku nikipepeta mahindi kusimulia habari za jogoo wangu. Akanyamaza, macho kodo, akisubiri jogoo atue. Nikamwambia Scholastika aendelee yeye. Akaanza vizuri, lakini jogoo wake alipepea akaishia shamba la jirani.

"Bibi, upepo gani wa kumfikisha kuku Kintinku?" akaniuliza.

Mtoto akaangua kilio upya.

Nikampigia Dorkas. "Dada yako huyu ana kila kitu, ila hajui kuongopa. Mume wangu siwezi kumwachia mtu mkweli hivi."

Dorkas alicheka. "Basi mfundishe, mama. Akishajua, ndipo aje naye."

"Itachukua muda."

"Najua, mama. Mngoje mpaka mvune alizeti."

Sasa tunafundishana. Scholastika ana bidii, jogoo wake ameshavuka Manyoni, na jana Elisha alimlalia begani, nikafurahi nikaona na wivu. Alizeti zimeanza kuinamisha vichwa. Najua basi litasimama pale barabarani, na nitampandisha mume wangu mwenyewe, kwa mikono hii. Siku hizi nilizo naye sikuwa nimeahidiwa na mtu. Nimepewa tu, naye ananivuta sikio sasa hivi ninapowasimulia.

Ila Kintinku ni njiani kuelekea Dodoma, na jogoo wangu leo asubuhi ameoa huko, kwa Wagogo. Watani wetu wale hawamwachi shemeji apite kabla hajala, na mume wangu sasa ni shemeji yao.