Kichwa cha Neli Hakina Msiba

Angetile wa Ikombe alijulikana kwa mambo mawili: vyungu visivyovuja na nywele zisizoshikika kwa mkono mmoja. Watu wa Ndandalo waliokuja ufukweni mwa ziwa kubadilishana mchele kwa vyungu waliulizia nyumba yake hivi: "Yuko wapi yule mama mwenye kichwa?" Utadhani Ikombe nzima wengine hawakuwa na vichwa. Naye akisikia hujibu kutoka ndani, "Niko huku, nimekivaa." Hakuona haya kujisifu, na mimi simlaumu. Mtu akilima shamba lake likastawi, afiche mavuno kwa nini?

Maana nywele zile alizilima kweli. Kila mwezi ulipoandama alichukua udongo laini uliotuama chini ya chungu cha kulowekea, akaupaka mpaka kwenye ngozi ya kichwa, akakaa nao hadi uanze kukauka pembeni, kisha akaingia ziwani kuusuuza. Baada ya hapo mafuta ya nyonyo, kidogo tu, ya kulowesha ncha za vidole. Mwisho chanuo cha mwanzi chenye meno mapana, alichokichonga mwenyewe. Alianzia kwenye ncha za nywele akapanda polepole kwenda kwenye shina. "Udongo mkavu haufinyangwi," alisema, "na nywele kavu hazichanwi."

Tangu aolewe alinyolewa mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa ametoka kuzika mtoto. Ndiyo ilikuwa desturi: kichwa kitupu maana yake kuna kaburi jipya. Mtoto wa tatu, Neli, alikaa, hakufa. Wembe haukuwahi kugusa kichwa chake. Kila Jumamosi mama yake alimsuka mistari saba kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na kila alipomaliza alimgeuza huku na huku kama chungu kilichotoka motoni salama.

Mwaka wa kisa hiki, miaka sita kabla ya vita vya Wazungu, Neli alikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku ya Pasaka alikuwa abatizwe misheni pamoja na wasichana wenzake watano. Maswali yote ya ubatizo aliyajua kwa moyo. Ukimgusa usingizini, alijibu. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Mwalimu Lazaro, mwinjilisti wa kwao, akaja na ujumbe.

"Mugonile, mama Neli," alisalimu.

"Ndaga, Mwalimu. Karibu."

"Bibi wa misheni anasema wasichana wote wanyolewe kabla ya ubatizo. Amekuta chawa kwa mmoja wao."

Angetile akaweka chini jiwe alilokuwa akisugulia chungu. "Nani amekufa, Mwalimu?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa wananyolewa kwa msiba wa nani?"

Lazaro akajikuna shingo. "Ni amri, mama. Asiyenyolewa habatizwi. Bibi anasema nywele zetu hizi hazichaniki, ndiyo maana chawa hawatoki."

"Amejaribu?"

Neli, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya nyumba, akaja, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuinamisha kichwa. "Ninyoe, mama. Nataka kubatizwa." Maneno hayo yalimuuma Angetile kuliko amri ya Bibi. Mtoto wake alikuwa tayari kuvaa msiba ili apokewe.

Jumamosi asubuhi walipanda mtumbwi, mama na mwana, wakaenda misheni. Wasichana wengine watano walikuwa wamekwisha pangwa barazani pamoja na mama zao, na wembe uko mezani. Bibi wa misheni alikuwa Mjerumani mrefu, mkali, lakini si mwonevu. Yeye na Angetile walizungumza Kiswahili, lugha ya kuazima kwa wote wawili.

"Bibi, tandika kitambaa cheupe," alisema Angetile. "Mchane Neli juu yake kwa mkono wako. Akidondoka chawa mmoja, tunyoe sote, mimi wa kwanza. Asipodondoka, mtoto anabatizwa na nywele zake."

Bibi akaleta kitambaa cha mezani na chanuo chake mwenyewe cha pembe, chenye meno membamba kama miiba ya samaki. Angetile akafumua ile mistari saba. Bibi akachomeka chanuo utosini, akavuta. Neli akakunja uso. Meno mawili yakavunjika.

"Unaona?" alisema Bibi. "Hazichaniki."

"Umeingia chumbani kwa mwenye nyumba bila hodi," alijibu Angetile, na wale mama wakacheka. Akampa chanuo cha mwanzi, akamwonyesha kushika nywele kwenye shina zisimuumize mtoto, kuanzia kwenye ncha, kupanda kidogo kidogo. Bibi akafuata. Nywele zikaanza kuachia, zikafunguka, zikasimama pande zote za kichwa cha Neli, nyeusi, zinang'aa, pana kuliko mabega yake. Kwenye kitambaa palikuwa na chembe mbili za udongo. Bibi aliinama akazitazama karibu sana, akazigusa kwa kidole. Udongo tu.

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka majini. Neli alikaa wima, shingo imenyooka. Bibi akaufunga wembe. "Hawa watano uwasafishe wewe," alisema, "kabla jua halijatua." Angetile akawasafisha kwa udongo na mafuta aliyokuja nayo, akawasuka wote sita.

Kazi ilipokwisha, Bibi alimwita ndani peke yake, akafunga mlango. Uso ulikuwa umemwiva. Alichomoa vibanio, nywele zake ndefu zikamwangukia mgongoni, akakaa kitini, akamgeuzia kisogo. Angetile akagawa nywele kwa vidole, akaona. Chawa walikuwepo, wazazi na wajukuu.

Mwingine angesema nyani haoni kundule, tena kwa sauti ya kufika barazani. Angetile aliwaponda kwa kucha, mmoja mmoja.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi.

"Kuna kazi, Bibi. Tulia." Akampaka udongo, akamsuuza, akampaka tena, mara tatu. Akamtia mafuta ya nyonyo.

Kesho yake wasichana sita walibatizwa na misuko yao, na Bibi wa misheni, kiti cha mbele, alinukia nyonyo.

Miaka minane baadaye Wajerumani walipoondoka, nyumba ya misheni ikabaki tupu. Neli, sasa mama, alikuwa amempakata binti yake Anyisile, akimchana kuanzia kwenye ncha. Hapo ndipo Angetile alipomsimulia ya nyuma ya mlango. Neli akacheka mpaka chanuo kikamponyoka.

"Mama! Kwa nini hukusema siku ile ile? Misheni nzima ingemcheka."

"Ingemcheka, ndiyo," alisema Angetile. "Nami nilitaka siku ile ikumbukwe kwa nywele zako, si kwa chawa wa mtu."