Mpambaji wa Biskuti za Mbwa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Keki, ingawa ilikuwa imepita miaka mitatu tangu apambe keki ya mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya meza ya bati katika duka la mikate, akichora maua ya krimu kwenye keki za maharusi asiowajua na kuandika majina ya watoto asiowahi kuwaona. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba hata radi ikipiga, ua lake la tano litafanana na la nne. Magoti ndiyo yaliyomshinda. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na mfuko wake wa kupambia, midomo tisa ya bati ya kuchomeka kwenye mfuko huo, na tabia zake zote.

Tabia hizo alizivumilia mdogo wake, aliyeishi naye. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya chupa. Fundi Keki hakupenda kufungua kabati akakuta rangi kumi na mbili zinampigia kelele. Kila kilichonunuliwa dukani kilihamia kwenye chupa za kioo zinazofanana, zenye vifuniko vyeupe, na juu ya kifuniko aliandika jina la kitu kwa mwandiko wake wa keki. Karatasi za dukani hakuzitupa. Alizibandua kwa maji ya moto, akazianika, akazibandika kwenye daftari gumu, kila moja na tarehe yake.

"Dada, ipo siku utanibandua na mimi," mdogo wake alimwambia.

"Wewe huna tarehe ya kuisha. Nitakubandikia nini?"

Habari ya mbwa ilianzishwa na jirani wa ng'ambo ya uwanja wa nyumba zao za kupanga, nesi mstaafu ambaye wote walimwita Sista. Alikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia, mzee, mwenye tumbo na mwendo wa taratibu kama mtu anayekwenda kukagua shamba lake. Jina lake alilopewa udogoni lilisahaulika. Watu walimwita Bwana Mkubwa. Sista aliomba mbwa huyo atengenezewe biskuti kidogo, kwa kuwa za dukani zilimletea kiungulia.

"Nimepamba maharusi, leo nipambe mbwa?" Fundi Keki aliuliza.

"Maharusi wangapi walirudi kukushukuru?" Sista akamjibu. "Huyu atarudi kila siku."

Akakubali, na kama ilivyokuwa kawaida yake, hakuanza kabla hajajua. Alikwenda kwa daktari wa mifugo, akaomba karatasi ya vitu vinavyomdhuru mbwa. Karatasi ile ilikuwa imepigwa chapa upande, ina doa la chai. Hakuweza kuitundika jikoni kwake ilivyo. Aliinakili upya kwa wino wa bluu: chokoleti, zabibu, vitunguu, kahawa, na kuendelea. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu, ulisema pipi na chingamu na vyakula vitamu visivyo na sukari, na haukuenea kwenye upana wa karatasi yake. Akaandika "pipi na chingamu", akapiga nukta. Ukapendeza.

Basi akawa anakanda unga wa shayiri na boga lililopondwa, anakata maumbo ya mifupa na nyota, anaoka, halafu anafika kwenye sehemu aliyoipenda. Siagi ya karanga aliichanganya na mtindi mzito hadi ikashika, akaitia kwenye mfuko, akachora ukingo wa mawimbi kuzunguka kila biskuti. Juu yake alinyunyiza ufuta au nazi iliyokunwa, na katikati akaweka ua la karoti lililokatwa kwa ncha ya kisu. Mbwa alilimeza lote mara moja bila kutazama. Fundi Keki hakuudhika. Hata maharusi, alisema, hukata keki wakitazama kamera.

Siku Bwana Mkubwa alipotimiza miaka kumi, Sista aliagiza biskuti kumi. Fundi Keki aliamka mapema. Alipofika ya sita, chupa ya siagi ya karanga ikakwaruza. Ilikuwa imekwisha. Duka lilikuwa halijafunguliwa, na Sista alikuwa ameshaambiwa saa mbili.

Pembeni ilisimama chupa nyingine, imeandikwa "Karanga ya Mdogo". Mdogo wake alikuwa na kisukari, hivyo alinunua siagi yake mwenyewe ya karanga, iliyotiwa utamu wa namna nyingine badala ya sukari. Fundi Keki aliishika chupa ile akafikiri, tena alifikiri vizuri, kama mtu mwangalifu. Haina sukari. Mbwa hatakiwi kula sukari. Basi hii ni bora kuliko ile. Akachanganya na mtindi, akapamba nne zilizobaki, na kwa kuwa zilikuwa za mwisho alizizidishia, mawimbi mawili mawili. Zilitoka nzuri kuliko zile sita. Akazipanga juu kabisa ya sahani.

Saa mbili alivuka uwanja akamkabidhi Sista. Saa tatu hivi alisikia anaitwa kwa sauti ambayo manesi hawaitumii. Alimkuta Bwana Mkubwa barazani, ametapika, anajaribu kusimama na miguu ya nyuma haimtii, kama mlevi anayetafuta viatu vyake. Sahani ilikuwa mezani. Zile za juu hazikuwepo.

"Ni sumu ya panya," Sista alisema. "Mlinzi aliitega stoo juzi. Nilimwambia aiweke juu, nilimwambia kwa kinywa changu."

Mlinzi wa geti, mtu wa makamo aliyevaa koti hata wakati wa joto, alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Niliiweka juu, Sista. Juu ya kabati. Twende ukaone."

"Nikaone nini? Mbwa wangu si huyu ninayemwona?"

Teksi ikaja, mbwa akapakiwa ndani ya shuka, Sista akaondoka naye. Fundi Keki alirudi nyumbani akimwonea mlinzi huruma. Huruma hiyo ilidumu kutoka getini mpaka jikoni.

"Dada," mdogo wake alimwuliza, ameshika chupa mwangani, "nani kanilia karanga yangu? Jana ilikuwa hapa, leo iko huku chini."

Fundi Keki alivuta daftari, akafunua mpaka kwenye karatasi ya chupa ile, akavaa miwani. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Mstari wa tatu ulitaja utamu wa badala ya sukari, na chini kabisa, ndani ya kisanduku, palikuwa na kichwa cha mbwa kilichopigwa mstari. Alikuwa amekibandua yeye mwenyewe, amekianika, amekibandika kikiwa hakijakunjika hata ncha. Halafu akainua macho kwenye orodha yake ya wino wa bluu, akausoma mstari wa mwisho, akakumbuka maneno aliyoyaacha.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye mwenyewe, kama angehadithiwa habari hiyo, angesema mtu huyo akimbie. Badala yake alifunga daftari, akatia maji ya moto kwenye beseni, akaanza kuosha. Aliosha mfuko wa kupambia, ndani na nje. Aliosha midomo yote tisa, ingawa alikuwa ametumia miwili tu. Alijiambia kwamba daktari ni daktari, amesomea, ataona mwenyewe. Alijiambia kwamba huenda kweli ni sumu ya panya. Biskuti nne tu, mbwa mkubwa kama yule. Kila alipomaliza kujiambia, aliona bado ana chombo cha kuosha.

Kupitia dirishani sauti zilikuwa zinaingia. Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa ameshuka, akamkuta mlinzi getini.

"Lete funguo za stoo. Na za geti."

"Mwenyekiti, hata hamjaenda kuangalia. Sumu iko pale pale, haijaguswa."

"Leo mbwa, kesho mtoto wa mtu. Funguo."

Fundi Keki alivuta pazia. Jua, alijisemea, linapiga machoni.

Karibu saa sita simu ililia. Ilikuwa Sista. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na huo utulivu ulimtisha zaidi. Mbwa alikuwa amepata degedege saa tano. Daktari alikuwa anamchoma sindano za kupinga sumu ya panya na haoni mabadiliko. Damu imepelekwa maabara, majibu jioni. "Sijui kama jioni tutafika," Sista alisema. "Nimekupigia kwa sababu alikuwa anakupenda. Biskuti zako ndicho kitu cha mwisho alichokula kwa raha."

Fundi Keki akaweka simu chini. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake bado mkononi, na alikuwa ametazama beseni, na orodha, na daftari.

"Ulimpa hii?"

"Nilimpa."

"Na umekaa hapa unaosha?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mdogo wake kumsemesha kama yeye ndiye mkubwa. Fundi Keki alichukua daftari, akatoka bila kuvua aproni. Magoti yale yaliyomwachisha kazi yalimpeleka mpaka kwa daktari wa mifugo, mitaa minne, bila kupumzika.

Alipoingia hakusalimu. Alifungua daftari juu ya meza ya chuma, kando ya kichwa cha mbwa, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Amekula hii. Nimeitia mimi. Biskuti nne."

Daktari alisoma, akamtazama mara moja, akamgeukia msaidizi wake. "Glukosi. Sasa hivi." Kisha akawaeleza wakati mikono yake inafanya kazi: utamu ule kwa mtu si kitu, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu mpaka akazimia, na baadaye unaweza kuumiza ini. Dripu ikatundikwa. Kabla ya nusu saa kupita, Bwana Mkubwa aliinua kichwa, akakirudisha chini, akalamba chuma cha meza.

Sista alimkumbatia Fundi Keki na aproni yake yenye maji. "Mungu amekuleta. Ungenyamaza, nani angejua? Wengine wangenyamaza."

"Sista, ni kosa langu."

"Kosa ni la kila mtu. Umekuja mbio. Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini, najua watu wanavyoficha."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Fundi Keki akaufunga. Njia nzima ya kurudi alibeba sifa ile kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyo yake na muuzaji ameshageuka.

Mlinzi alikuwa nje ya geti, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti limekunjwa mapajani. Alikuwa anamsubiri mwenyekiti aje amwambie aende au abaki.

"Nasikia mbwa amepona," alisema. "Na nasikia ni wewe umemwokoa."

"Ni mimi niliyemlisha."

"Hilo pia nimelisikia. Bahati mbaya hiyo, Mama. Haina mwenyewe."

"Nilijua tangu saa nne," Fundi Keki akasema. "Nilisoma, nikajua. Nikakaa ndani. Wakati mwenyekiti anakunyang'anya funguo nilikuwa nasikia kila neno."

Mlinzi alilikunjua koti, akalikunja tena. "Nilikuona ukivuta pazia," alisema. "Nikajua jua limekuzidi."

Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. Baadaye akasema, "Mwenyekiti ataniambia amenisamehe. Nisamehewe nini? Nikisema mimi kwamba kuna mtu alijua, wataona natafuta wa kuanguka naye. Kawaambie wewe."

Sista alirudi jioni kuchukua blanketi la mbwa, kwani angelazwa siku tatu atazamwe ini. Fundi Keki alimkuta anafunga mlango. Alimwambia yote akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi: daftari, saa nne, beseni, pazia.

Sista alikuwa na mazoea ya kusikiliza wagonjwa. Fundi Keki alipomaliza, Sista aliuliza jambo moja tu.

"Degedege ilimshika saa tano. Saa tano ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakausha midomo ya kupambia. Naipanga kwa ukubwa."

Sista alitikisa kichwa polepole, kama anayeandika kitu kwenye faili. "Nashukuru kwa kuniambia," alisema, kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia kwa maelfu ya watu asiowajua, kisha akapanda ghorofani kwa mwenyekiti kabla ya kwenda kwa mbwa wake. Fundi Keki alibaki pale chini. Alisikia mlango wa juu ukigongwa, ukafunguliwa, sauti ya Sista ikiongea bila kupanda wala kushuka, na baada ya hapo hatua za mwenyekiti zikiteremka ngazi, na mkononi mwake mlio wa funguo. Alimpita Fundi Keki bila kumsalimu. Yeye hakusogea mpaka aliposikia geti likifunguliwa kutoka ndani, funguo zikikabidhiwa, na mlinzi akijibu, "Haya."