Majogo ya Ancha

Ancha Suleimane hajawahi kujua kucheka kidogo. Kicheko chake huanzia mabegani, kikashuka tumboni, na kikishafika tumboni hakuna tena wa kukizuia. Alipokuwa msichana kule Kionga, mama yake alikuwa akimketisha karibu na mlango kwenye matanga, ili kikimjia atoke mbio akakimalizie nyuma ya jiko. Mama huyo huyo ndiye aliyemfundisha kusuka mikeka ya ukili, na ndiye aliyesema kwamba mikono ya binti yake ina akili kuliko kichwa chake. Ancha aliichukua hiyo kuwa sifa.

Akaolewa na Faizal, mtu wa Pemba ya Msumbiji, aliyefika mjini Palma na televisheni moja na mashine moja ya jogo. Huku kwetu gemu twaliita jogo, kama Wareno, na yakiwa mengi ni majogo. Faizal akafungua chumba karibu na soko, watu wakawa wanalipa kukaa kwenye benchi na kupigana mateke ndani ya televisheni. Wavuvi waliuza samaki wakaja moja kwa moja na magamba mikononi. Madereva wa chapa, yale mabasi yetu madogo, waliacha abiria wakiwasubiri. Mashine zikaongezeka, za kijivu, nyeusi, na ile nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi kwa uzee, na Faizal akazipenda hata akazipa majina. Mojawapo, iliyokwaruza koo kila ilipowashwa, aliiita Bibi Kikohozi.

Kisha ukaja ule mwaka wa vita ambao mji wote ulikimbia. Waliporudi, nyumba ilikuwepo, lakini bati la chumba cha majogo halikuwepo, na mvua za masika zilikuwa zimeingia humo zinavyotaka. Faizal alizifuta mashine moja moja kwa shati lake, akazitia magunia, akayasukuma chini ya kitanda.

"Zinapumzika," alisema.

"Mume wangu, tunalala juu ya makaburi," alisema Ancha.

Faizal hakucheka. Alizungumza habari za mashine zake kama mtu anavyozungumza habari za ndugu aliyelazwa, na ikabidi Ancha naye ajifunze kupita mbali na habari hiyo. Mpaka siku moja akamshawishi waipeleke japo moja kwa Cosme, fundi simu mwenye kibanda mbele ya soko, mtu wa Mueda, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

Cosme akaifungua Bibi Kikohozi. Ndani wakatoka sisimizi, wamebeba mayai yao, wakatawanyika mezani kwa hasira.

"Kaka Faizal," alisema Cosme taratibu, "hii si mashine tena. Hii ni nyumba ya watu."

Mabega ya Ancha yakaanza. Aliuma pindo la kapulana, khanga yake, akageuka upande wa barabara, akatazama pikipiki zinazopita huku machozi yakimtoka. Alipogeuka tena, Cosme alikuwa ameinua ile sahani ya ndani, ile mafundi wanayoiita plaka, ili Faizal aione kutu. Jua likapiga nyuma yake. Ancha akaacha kucheka. Ilikuwa kijani kama maji ya ghuba ya Tungue saa ya adhuhuri, na juu yake vilipita vinjia vya shaba, vingine vikikutana, vingine vikizunguka, na vipande vidogo vimesimama kama nyumba kando ya njia.

"Nipe hiyo," alisema.

"Ya nini?" aliuliza Faizal.

"Sijui. Nipe tu."

Faizal alimpa, kwa sababu Bibi Kikohozi alikuwa ameshakwenda zake, lakini ganda lake alitaka kulizika nyuma ya nyumba. Ancha akalitia chini ya mkono kabla jembe halijapatikana.

Jaribio la kwanza liliharibika vibaya. Alipasha msumari kwenye makaa, akalitoboa lile ganda jeupe, na kwa kuwa msumari ulikuwa umewiva mno, plastiki ikayeyuka, ikanuka, jirani akapiga hodi kuuliza kama kuna mtu anaungua. Ancha akaufunga uso kwa kitambaa, akauacha msumari upoe kidogo, akaanza upande wa pili. Safari hii matundu yalitoka mazuri, madogo, mfululizo, kwa mpango ule ule wa mapambo ya mkeka. Akarudi kwa Cosme akatiliwa taa za utepe ndani, zile ndogo zinazouzwa kwa mita. Akalitundika darini kwa ukili uliosukwa, akafunga madirisha, akamwita mumewe.

Faizal aliingia, akasimama. Ukutani, darini, kwenye mkeka, hata kwenye shati lake, nuru ilikuwa imesambaa katika maua madogo madogo. Alinyoosha kiganja, ua moja likatua humo. Akainamisha uso. Ancha akadhani amemuumiza, akataka kuizima. Mara Faizal akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda mpaka ikabaki miguu tu nje, na gunia la kwanza likatoka, likafuata la pili.

"Chukua," alisema kutoka huko chini, sauti imejaa vumbi. "Chukua yote, mke wangu!"

Basi hapo ndipo nyumba ilipopata wazimu. Laila, binti wa marehemu dada yake Ancha, aliyekulia mikononi mwake, alikuwa anakaribia kuolewa na Chaquir, kijana wa kisiwa cha Rongui. Alipoiona ile taa alisema hataki chumba chake cha harusi kipambwe kwa maua ya plastiki kama cha kila mtu. "Mama mdogo, nataka hivi. Nataka vyote hivi!"

Ancha akaamka na kazi, akashinda na kazi. Vitufe vya rangi alivitunga kwenye mshipi wa kuvulia, vyekundu, vya njano, vya buluu, akavifanya pazia la mlango lililolia kama mvua ndogo ukipita. Plaka alizikata, akazipanga kuzunguka kioo. Nyaya alizisuka pamoja na ukili, nyeusi na rangi ya mchanga, zikawa mkeka ambao haukuwa na mfano Palma nzima. Kila kitu alichoshika kilimwonyesha kitu kingine. Alisahau wali jikoni ukaungua, akacheka. Akaenda sokoni na kapulana kaivaa nje ndani, akacheka zaidi. Siku moja Faizal alitafuna maharage akasikia kakh! Akatoa mdomoni kitufe chekundu.

"Mke wangu, nimebonyezwa," alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alipocheka habari za mashine zake. Walicheka mpaka maharage yakapoa.

Shida ilikuwa moja tu, na hawakuijua. Cosme alikuwa amemwambia mteja wake mmoja kwamba chumba cha Laila kitajaa majogo. Mteja akamwambia mkewe, mkewe akamwambia mwenye mashua, na habari ilipofika Rongui ilikuwa imeota mbawa na kishungi, kwa maana kisiwani neno jogo halijulikani, lakini jogoo anajulikana sana.

Asubuhi ya kukagua chumba, wanawake wa upande wa bwana harusi waliingia uani kwa kimya kisicho cha harusi. Mbele alikuwa Bi Hafsa, mama yake Chaquir, mwanamke mrefu, mkavu, anayesifika kwamba akinyamaza hata watoto wa jirani wananyamaza. Mkononi alibeba tenga la kuku. Tupu.

"Karibuni, mama zangu, karibuni," alisema Ancha, moyo ukimruka kwa furaha.

"Tumeshakaribia. Nimesikia habari ya chumba cha mwanangu. Eti mmeweka majogoo."

Alilivuta lile neno mwishoni, lakini Ancha, kwa mchecheto aliokuwa nao, asingesikia hata radi.

"Yapo, mama! Yamejaa! Ukutani, mlangoni, hata juu ya kitanda!"

"Juu ya kitanda?"

"Yananing'inia. Moja kubwa liko katikati kabisa, juu ya vichwa vyao."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akajifunika mdomo.

"Na kelele?" aliuliza Bi Hafsa.

"Kelele gani, mama, yamekufa siku nyingi hayo. Yalinyeshewa. Nimeyapasua mwenyewe kwa mikono hii, nikatoa ya ndani, nikayasugua kwa brashi na sabuni. Harufu imeisha yote."

Bi Hafsa alishika kizingiti. "Na mwanangu atalala humo."

"Ataona raha sana, mama! Giza likiingia yanawaka."

Hapo Bi Hafsa hakuuliza tena. Alinyanyua tenga lake, akalisukuma lile pazia la vitufe kwa bega, akaingia kama mtu aendaye kumtoa nyoka. Ancha akamfuata mbio, akawasha taa.

Maua ya nuru yalimtapakaa Bi Hafsa kutoka ushungini mpaka miguuni. Yeye hakuyatazama. Aliangalia darini, akaangalia nyuma ya mlango, akainama, akainua shuka, akachungulia chini ya kitanda.

"Hao majogoo," alisema akiwa ameinama, "mmewaficha wapi?"

Ancha akatazama lile tenga. Akamtazama Bi Hafsa. Neno likamwingia polepole, herufi baada ya herufi, na mabega yakaanza. Alijibana. Alikumbuka kwamba huyu ni mkwe, kwamba Laila yuko chumba cha pili anasikiliza, kwamba mkwe hachekwi hata akianguka kisimani. Alifumba macho akajaribu kufikiria mambo ya huzuni. Badala yake akawaona majogoo wananing'inia juu ya kitanda cha harusi, wamesuguliwa kwa brashi na sabuni, wanawaka.

Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akakaa chini kwenye mkeka wa nyaya. "Jogo, mama," alisema akishindwa kuvuta pumzi. "Jogo la televisheni! La kubonyeza! Si jogoo, si jogoo wa kuwika!"

Laila akatokea mlangoni, uso umempauka. Wanawake wa Rongui walisimama wameganda. Bi Hafsa alijinyoosha taratibu, akalitua tenga chini. Ukutani kando yake palikuwa na kishikio kimoja kamili cha kuchezea jogo, chenye vitufe vyake vyote, ambacho Cosme alikigeuza kuwa swichi ya taa. Bi Hafsa akakikabili kama anayemkabili shahidi.

"La kubonyeza," alisema. "Hivi?"

Akabonyeza kitufe kimoja. Chumba kikawa chekundu. Akaondoa kidole kama aliyechomwa, akangoja, akabonyeza kingine. Chumba kikawa kijani, na ukutani zile plaka zikang'aa kuzunguka kioo.

"Na hiki?"

Buluu. Bi Hafsa akabonyeza tena nyekundu. Akabonyeza kijani. Akabonyeza viwili kwa pamoja kwa vidole gumba, bila kufundishwa na mtu. Kisha akageuka, na kila mtu akaona jambo ambalo wanawe wenyewe walisema baadaye hawakumbuki kuliona tangu wakiwa wadogo: Bi Hafsa ana pengo mbele, na akicheka linaonekana lote.

"Nimevuka maji na tenga!" alisema, akajipiga paja. "Nimevuka maji na tenga, jamani, nije nikamate taa!"

Wanawake wote wakaanguka kwa kicheko. Vigelegele vikapanda, Laila akavutwa ndani, na ikabidi Ancha apange foleni, maana kila mmoja alitaka kubonyeza, na aliyekuwa mbele hakutaka kuondoka. Aliyekuwa mbele alikuwa Bi Hafsa.

Harusi ilikwenda vizuri. Watu wa Palma walikuja kwa pilau, wakakaa kwa ajili ya taa, na bwana harusi ilibidi agonge mlango wa chumba chake mwenyewe kuomba wageni watoke. Bi Hafsa aliondoka na ahadi ya kutengenezewa ya kwake, ya buluu, na kubwa kuliko ya mwanawe. Tangu hapo Ancha hana nafasi. Watu wanamletea redio zilizokufa, pasi, feni zisizo na mapanga, na mzee mmoja alimletea meno yake ya bandia akauliza kama yanaweza kutoa kitu. Ancha alimtengenezea kitundikio cha kofia. Mzee alifurahi.

Faizal naye amepona. Sasa yeye ndiye mtafutaji: anapanda chapa mpaka Mocímboa, anauliza nyumba kwa nyumba habari za majogo mabovu, anarudi amefunga magunia juu ya gari. Wiki iliyopita alirudi na mashine ndogo nyeusi, imefutika maandishi, ganda limepasuka pembeni. Ancha akaweka msumari kwenye makaa. Faizal, kwa mazoea tu, akaichomeka kwanza kwenye televisheni.

Ikawaka. Muziki wa kipuuzi ukatoka, na kimtu kidogo chenye kofia kikasimama kwenye kioo, kikiruka ruka kinangoja.

"Epa! Usikate!" Faizal alipiga kelele, ingawa alikuwa ameishika mwenyewe. "Iko hai! Mke wangu, weka msumari chini, iko hai!"

Miaka yote ya chumba cha majogo Ancha hakuwahi kucheza hata siku moja. Alikaa kwenye mkeka kushindana na mumewe, kimtu kwa kimtu, akashika kishikio juu chini, akabonyeza kila kitufe kwa pamoja, na kimtu cha Faizal kikaanguka shimoni.

"Hivyo sivyo!" alisema Faizal. "Huwezi kubonyeza vyote!"

"Mbona nimeshinda?"

"Tena. Anzisha tena."

Mlangoni mteja alikuwa anapiga hodi kuulizia taa yake. Hakuna aliyemsikia. Ndani, mke alikuwa ameshalala chali kwa kicheko, bado anabonyeza, na bado anashinda.