Betri ya Aurelia wa Matiri

Matiri umeme ukikatika, watu hawapotezi muda kuuliza utarudi lini. Wanachungulia kwa Aurelia. Kama taa yake inawaka, na kwa kawaida inawaka, wanavaa ndala na kwenda.

Usidhani ana fedha za kuchezea. Ni mkulima wa kahawa kama majirani zake, mke wa Raimundi na mama wa Ida, ila kwa ubishi hana mpinzani. Aliponunua mashine ndogo ya kutotolea vifaranga, umeme ulikatika siku moja, mayai ya watu yakapoa yote. Aliyafukia nyuma ya nyumba huku akilia. Mwingine angeiuza ile mashine. Yeye akaanza kutafuta betri.

Ya kwanza ilikuwa ya gari, kuukuu, na aliiua kwa mikono yake mwenyewe. Fundi Rodrick wa Mbinga mjini alimwambia aiongezee maji yakipungua. Sasa mtu wa Matiri ukimtajia maji, anajua maji gani: ya chemchemi ya mlimani, yale tunayojisifia mpaka wageni wanachoka kutusikiliza. Aurelia akapanda, akachota, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akamimina. Haikuchukua muda mrefu betri ikakata roho. Rodrick alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Ida, betri hainywi maji ya chemchemi! Yana madini yale. Maji ya betri yanauzwa dukani."

Aurelia alicheka naye, ingawa ilimuuma. Msimu wa kahawa ulipoisha akanunua betri ya sola, chaja na inveta ndogo. Hakutaka makubwa. Alitaka mashine isipoe, basi. Raimundi alipouliza kwa nini wasinunue na televisheni, alimwonyesha ngolo zao kule mteremkoni, yale mashimo yanayokinga mvua shambani. "Lile shimo linatunza maji ya mahindi," alisema, "si ya kuogelea."

Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kukataa. Kwetu mwenye mwanga hafungi mlango, kwa hiyo kila umeme ulipokatika simu za majirani zilijaa mezani kwake, na betri ikainywesha kila moja.

Ndipo kicheche alipoingia bandani kwa Bibi Agripina, mjane wa bonde la pili, akamaliza kuku wote. Walikuwa uzao wa mtetea aliyepewa na mama yake siku ya kuolewa. Kilichobaki ni kikapu cha mayai, naye akakileta kwa Aurelia.

"Mwanangu, haya yakiharibika, kuku wa mama wameisha."

Aurelia alikipokea kwa mikono miwili, na kuanzia hapo moyo wake haukutulia.

Mayai yalipokaribia kutotolewa, ikawa Jumapili ya mvua kubwa. Mti uliangukia nyaya za umeme watu wakiwa bado misani. Jioni majirani wakaingia na simu zao, Bibi Agripina akiwa mbele. Mwanawe Tadei, aliyeko Mbamba Bay, humpigia kila Jumapili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nichajie, Tadei anapiga leo."

Aurelia alitazama inveta. Betri ilikuwa imeshuka sana, na umeme haukuwa na dalili ya kurudi.

"Nisamehe, bibi. Leo sichaji simu ya mtu."

Raimundi aliona aibu mpaka akainama. "Mama Ida, hata ya bibi?"

"Hata ya bibi. Hata yangu." Akaitoa simu yake mfukoni, ilikuwa imezimwa.

"Sikujua kama na umeme una uchoyo," alisema Bibi Agripina, akageuka kuondoka.

Aurelia alimshika mkono, akamvuta taratibu hadi kwenye mashine. "Inama, bibi. Sikiliza."

Bibi akainama. Ndani ya yai, ganda likiwa bado zima, kifaranga alikuwa analia.

Alipoinuka aliwakazia macho wenye simu. "Mnangoja nini? Nendeni makwenu! Na wewe Raimundi, zima hiyo taa."

Akatandika kanga yake kando ya mashine, akakataa kuondoka.

Umeme ulirudi kesho yake, vifaranga wakiwa wameshakauka manyoya. Simu ya bibi ilipopata chaji kidogo tu, ikaita. Sauti ya Tadei ilisikika chumba kizima.

"Mama! Jana nimekutafuta sana. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," alisema Bibi Agripina, machozi yakimtiririka. "Kuku wa bibi yako wapo. Hebu sikiliza." Akaichomoa simu kwenye chaja, akaisogeza kwenye boksi la vifaranga, akaishikilia pale mpaka ikazima.