Siku Tatu za Kulitembeza Gari la Siranush

Kwa miaka kumi na tisa niliuza matairi ukuta kwa ukuta na Vartkes Bedoyan, mpima moshi wa magari, na katika miaka yote hiyo sikumwona akimpitishia mtu gari kwa kumwonea huruma. Alimwangusha padri wake wa Kiarmenia wiki ya Pasaka. Alimwangusha shemeji yake, yule mwenye mashamba ya zabibu, na shemeji akakata mguu nyumbani kwake miaka miwili. Aliniangusha hata mimi, Obdulia, niliyekuwa nikimpelekea tamale zangu za unga wa mahindi na nyama kila Desemba, kisa bomba moja la mpira lililopasuka chini ya boneti. Nilimtukana kwa Kihispania, akanijibu kwa Kiarmenia, kisha tukanywa kahawa yake nyeusi yenye machicha, maana kesho yake tungeonana tena.

Hapa Fresno gari lisilopita kipimo cha moshi halipewi kibali cha barabarani, na kila mtu ana hila yake ya kwenda kupima moshi. Wengi huliendesha gari kwanza barabara kuu robo saa, ili lifike likiwa moto, na wakiwa kwenye foleni hawazimi injini hata jua la Septemba liwake vipi. Wengine humimina dawa tangini. Na wale ambao taa ya injini inawawakia kwenye dashibodi huchomoa waya wa betri siku moja kabla, wakaurudisha, taa ikazimika, wakaja wanatabasamu. Hao ndio Vartkes aliowafurahia zaidi. "Karibu, mjanja," aliwaambia, huku akichomeka waya wa mashine yake chini ya usukani.

Alikuwa mwembamba, wa miaka sitini na tano, miwani kaifunga kwa uzi. Kule Beirut alikuwa fundi hodari, lakini kituo chake hapa kilikuwa cha kupima tu, na sheria ilimkataza kukaza hata skrubu moja ya gari la mteja. Aliona ubaya, akautaja, akanyoosha mikono. Mkewe Knar alishafariki na watoto hawakujaliwa. Magari ishirini kwa siku yalipita mikononi mwake na hakuna hata moja lililompeleka popote. Mimi nilizoea kumwona hivyo, nikadhani naye amezoea.

Jumatatu moja ya Septemba akaja Siranush, mjane wa miaka sabini na mitatu, mdogo wa umbo, midomo kaipaka rangi. Gari lilikuwa la marehemu mumewe Dikran, la kijivu, la mwaka 2003. Yeye alilipeleka kanisani na sokoni tu, hata maili moja haikufika. Safari hii aliyeendesha alikuwa mwanawe Nishan, aliyetoka Sacramento kumsaidia. Kibali cha gari kilikuwa kinakwisha Ijumaa, na mama na mwana walishapatana: likipita, Siranush anabaki na gari na nyumba yake, lisipopita, gari linakwenda kusagwa, naye anahamia Sacramento kwa mwanawe. Habari hiyo nilishaipata kwa mtu wa kanisani kwao, na ndiyo iliyonitoa dukani.

"Imepita?" Siranush aliuliza kabla waya haujachomolewa.

"Haijapita, dada."

"Basi imeanguka."

"Wala haijaanguka. Haiko tayari."

"Haiko tayari kivipi? Nimeiosha jana!"

Nishan akaingilia. "Mzee, taa si hiyo, imezimika. Angalia mwenyewe."

"Betri umeichomoa lini, kijana?"

Nishan akakuna shingo. "Jana jioni."

"Basi umeifuta kumbukumbu yote. Hii gari ina kompyuta, inajipima yenyewe ikiwa inatembea, halafu inaniambia mimi. Sasa haikumbuki kitu. Umeniletea karatasi nyeupe ya mtihani, nisahihishe nini?"

Akazunguka nyuma, akaangalia kifuniko cha tangi la mafuta. Kilikuwa kimekaa upandeupande. Kwa kuwa yeye hakuruhusiwa, alimwomba Siranush akikaze mwenyewe mpaka kilie mara tatu. Hicho ndicho kilichowasha taa tangu mwanzo. Nishan alitazama chini, nami nilimwonea hasira kweli, ingawa nia yake ilikuwa kumfaa mama yake.

"Mama," alisema taratibu, "si tulikubaliana?"

Siranush alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nilimvuta Vartkes pembeni. "Mpitishe huyu mama, bwana. Nani atakufa?"

"Siwezi kuandika kitu ambacho mashine haijaona."

"We mzee una roho ngumu!"

"Ninayo. Niache nifikiri."

Alipomaliza kufikiri akamweleza Siranush. Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi, lingurume kidogo, kisha liingie barabara kuu, maili hamsini na tano kwa saa, bila kupanda wala kushuka. Halafu mguu uondolewe kwenye mafuta na gari liachwe lipunguze mwendo lenyewe, breki isiguswe. Asubuhi tatu hivyo, na Ijumaa huenda litakuwa limejipima lote.

"Barabara kuu? Mimi?" Siranush alicheka kwa woga. "Huko alikuwa anaendesha Dikran. Mimi kazi yangu kumenya machungwa."

Nishan alitakiwa kazini Sacramento kesho yake. Nikamgeukia Vartkes. "Si uiendeshe wewe?"

"Gari ninayoipima mimi siiendeshi barabarani. Siyo haki." Akapangusa miwani. "Ila kiti cha abiria hakuna sheria iliyonikataza."

Jumanne saa mbili kasorobo asubuhi Vartkes alitundika kibao cha kufunga mlangoni kwake, jambo ambalo sijapata kuliona isipokuwa siku ya maziko ya Knar. Mimi nami nikafunga duka, nikaketi kiti cha nyuma. Sitadanganya, ulikuwa ni udaku tu.

Tulipoingia ile barabara kuu ya 99 kuelekea kusini Siranush alikuwa kwenye maili arobaini, na lori nyuma yetu lilipiga honi mpaka meno yakanicheza. Kulia na kushoto zabibu zilikuwa zimeanikwa kwenye karatasi katikati ya mistari ya mizabibu, na mimi sikuweza kuzitazama. Nilikuwa nikimwomba Bikira wa Guadalupe.

"Hamsini na tano, dada," Vartkes alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza mwaka wa gari. "Huyo wa nyuma usimtazame. Ana haraka yake."

"Atatupanda mgongoni!"

"Hatatupanda. Kanyaga kidogo. Hapo hapo. Sasa tulia nayo."

Akatulia nayo. Tukapita Fowler, tukakaribia Selma. Vartkes akaangalia saa yake, akamwelekeza atoke, aingie njia ya pembeni. "Sasa ondoa mguu. Breki uiache."

"Vartkes, mbele kuna lori!"

"Nimeliona, bado liko mbali. Iache ishuke yenyewe."

"Mama yangu wee!"

"Iache tu."

Gari likashuka lenyewe, hamsini, arobaini, ishirini na tano. Siranush alikuwa akilia na kucheka pamoja, rangi ya midomo imemhamia kidevuni. "Dikran alikuwa akinikanya nisiongee tukiwa hapa," alisema. Kisha akauliza tutageukia wapi, maana alitaka kurudia tena.

Jumatano waliondoka wawili. Wakarudi saa nne. Alhamisi wakarudi karibu saa sita, na kwenye kiti cha nyuma, mahali pangu, palikuwa na sanduku la pichi kutoka Kingsburg. Vartkes alikuwa na shati lililopigwa pasi. Ningewezaje kunyamaza?

"Kumbe kompyuta siku hizi inahitaji na matunda?"

"Tangi lilikuwa limejaa mno," alisema bila kunitazama. "Likiwa limejaa, haijipimi. Ilibidi mafuta yapungue."

"Yapungue mpaka Kingsburg!"

Alinipa pichi mbili ninyamaze, akasimama pale mlangoni kwangu. "Obdulia," akasema, "tangu Knar aondoke sijafika Kingsburg. Ni nusu saa tu. Unajua sikuwahi kukaa upande ule wa gari nikaangalia nje? Kwetu dereva alikuwa mimi." Nilitaka kumchokoza tena, nikaona si wakati wake.

Ijumaa alichomeka waya, akasubiri, akasoma kioo mara mbili kama alivyofanya kwa kila mtu. Kisha akachapa karatasi. Siranush aliichukua kwa vidole viwili, akampigia Nishan simu palepale, sauti ikiwa wazi sote tusikie.

"Imepita."

"Nani ameiendesha, mama?"

"Mimi."

"Barabara kuu?"

"Kwani iko nyingine?"

"Sawa, mama," Nishan alisema mwishoni. "Sawa. Basi baki." Hasira yangu kwake ikaisha. Siranush akambusu Vartkes shavu hili na lile, akaondoka, na Vartkes akabaki na rangi nyekundu mashavuni mpaka mteja wa mchana alipomwambia.

Jumanne iliyofuata, saa mbili kasorobo, nilikuwa nafungua duka nikamwona amesimama ukingoni mwa barabara. Shati limepigwa pasi. Kibao cha kufunga kinaning'inia mlangoni.

"Safari ya wapi tena, na gari ilishapita?"

"Gari ikikaa sana bila kutembea inaharibika," alijibu. "Nilimwambia asiache."

Gari la kijivu likatokeza kwenye kona. Vartkes akashuka hatua moja barabarani, akanyoosha mkono kwenye usawa wa kitasa cha mlango. Siranush alikuwa peke yake, kaketi wima, midomo nyekundu. Alipotuona akapiga honi mara mbili kwa furaha, akapunga mkono, na akapita bila kupunguza mwendo mpaka kwenye mpando wa kuingilia 99.

Mkono wa Vartkes ukabaki hewani. Akaupandisha taratibu, naye akapunga, ingawa gari lilikwisha kwenda. Nilimhurumia. Nilikwenda nikasimama kando yake.

"Ameingia vizuri," alisema. "Umeona? Hakusitasita."

"Nimeona."

Alirudi mlangoni kwake, akashika kile kibao lakini hakukigeuza.

"Saa hizi pale Selma jua linampiga dereva machoni," alisema. "Sikumfundisha kushusha kile kizuizi cha jua kilicho juu ya kioo."

"Siku zote tatu alikuwa anafanyaje?"

"Nilikuwa namshushia mimi," akasema Vartkes.